Sura ya Nne: Kushuka Mgongoni

Nilidhani najua kubeba mtoto. Nimekulia Ujiji, nimelea wadogo zangu wawili na mtoto wa shangazi, na fundo la kanga lilishazoea bega langu la kushoto kabla sijamaliza darasa la tatu. Kumbe bado. Novemba 2017, uani kwa wakwe zangu hapa Gisenyi, mama mkwe alinitazama nikimfunga binti yangu wa miezi miwili, fundo begani kama tufanyavyo kwetu, akaweka chini ungo wa maharage aliyokuwa akichagua.

"Leta mutoto," akasema kwa Kiswahili chake cha Goma. "Huyu ataanguka."

Akainama mpaka mgongo ukalala kama meza. Akampitisha mtoto ubavuni, chini ya kwapa, akamlaza kifudifudi, miguu huku na huku. Taulo dogo kwanza, kitenge juu yake. Pembe mbili za juu akazipitisha chini ya makwapa yake, akazivuta mbele juu ya matiti, akazisokota pamoja na kuchomeka ncha, hakufunga fundo. Pembe za chini akazikaza kiunoni. Kisha akaruka kidogo, mara mbili, kama mpagazi anayeweka gunia sawa, na mtoto akateremka inchi moja akakaa mahali pake. Mama mkwe akarudi kwenye maharage, mikono yote miwili huru. Dakika tatu baadaye mtoto alikuwa amelala.

Kinyarwanda kina kitenzi kimoja kwa kazi hiyo yote: guheka. Ngozi laini waliyobebea watoto zamani, kabla ya vitenge, iliitwa ingobyi, na neno hilohilo ndilo la machela ya kusukwa ambayo majirani humbebea mgonjwa kuteremka naye mlimani. Anayeanza maisha na anayepigania maisha hubebwa kwenye chombo chenye jina moja.

Vitabu vya malezi nilivyonunua nikiwa mjamzito vilipanga ukuaji kwa miezi: huu wa shingo kukaza, huu wa kukaa, huu wa kutambaa. Sikuvitupa, lakini hapa nilijifunza kuhesabu kwa namna nyingine. Mtoto huanzia mgongoni, na kila hatua anayopiga ni kushuka kidogo: mkekani, uani, kwa jirani, barabarani. Na Gisenyi si mji wa kushuka ovyo. Juu yetu upo Nyiragongo, volkano ambayo usiku mwingine hutia wekundu mawinguni. Chini lipo Ziwa Kivu. Na ukifuata barabara ya mtaani kwetu hadi mwisho, unafika kwenye kizuizi cha mpaka. Ng'ambo yake ni Goma, Kongo.

Kabla ya mgongo, hata hivyo, kipo kitanda. Kwa desturi ya Kinyarwanda mama mzazi hukaa ku kiriri, kitandani kwa uzazi, siku nane. Kwetu Ujiji ni arobaini. Mama yangu alikuwa amesafiri kutoka Kigoma na pilipili manga na tangawizi ya uji, kajiandaa kwa arobaini kamili; mama mkwe alikuwa ameshawaalika watoto wa mtaa kwa siku ya nane. Wanawake wawili wenye adabu kubwa, kila mmoja akimwita mwenzake "dada yangu", na hakuna aliyekuwa tayari kusogea hata kidole. Mwishowe ikaamuliwa nitoke siku ya nane nikae kizingitini na mtoto kwa saa moja, halafu nirudi kitandani kumalizia siku thelathini na mbili. Mume wangu alisuluhisha hilo akiwa kwenye likizo yake ya uzazi, siku nne za kazi, na nadhani ndilo jambo kubwa alilopata muda wa kulifanya. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023 yaliwapa akina baba siku saba, na akina mama waajiriwa wakatoka wiki 12 hadi 14.

Siku ya nane ni ya kwita izina, kutoa jina. Watoto wa mtaa waligawiwa vijiti badala ya majembe, wakaambiwa walime. Walilima kwa bidii, wakachimbua na vitunguu vyangu. Katikati ya kazi shangazi wa mume wangu akatokea na bakuli la maji, akawanyunyizia huku akipiga kelele kwamba mvua imeanguka, nao wakakimbilia ndani wakipiga mayowe ya furaha. Hapo wakaketi mkekani kuzunguka sinia la maharage na mboga. Chakula hicho huitwa ubunnyano, jina lililotokana na kitenzi kisichotamkwa mezani. Wazee wanaojua asili yake hucheka, wakaacha hapo. Baada ya kula, kila mtoto alimpa binti yangu jina. Mmoja, wa miaka minne, alimwita Primus, kwa sababu ndilo neno aliloliona limeandikwa kwenye malori yanayotoka kiwanda cha bia cha hapahapa mjini kila siku.

Jina la kudumu hutolewa na baba, na ni la mtoto peke yake, kwa kuwa Rwanda haina mila ya jina la ukoo. Mimi, mume wangu na binti yetu tuna majina matatu yasiyofanana hata herufi, jambo lililonikalisha asubuhi nzima katika ofisi moja nyumbani Tanzania, karani akinitazama kama mwizi wa watoto. Majina ya hapa yanaongea. Ishimwe ni shukrani, Mugisha ni baraka. Mapacha ni Gakuru na Gato, kama Kulwa na Doto wa Wasukuma. Mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani. Mwaka 2005 mwanamke wa Rwanda alihesabiwa wastani wa watoto 6.1, utafiti wa afya ya jamii wa 2019-20 ulikuta 4.1. Kwa hiyo Nyandwi na Minani wote ninaowafahamu mimi wana mvi, na sioni nani atawarithi. Kwita izina nayo imepata mpangaji: tangu 2005 watoto wa gorila hupewa majina kwa sherehe kubwa pale Kinigi, Musanze, na mgeni akilisikia neno hilo huwaza msitu kabla ya kuwaza mkeka. Binti yangu alipoitazama kwenye runinga aliuliza kama gorila nao wamepewa maharage.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alijifungua mtoto wa kiume wiki ileile. Mimi, mwalimu, nilipata wiki zangu 12. Yeye anauza nyanya Goma, na likizo yake ilikuwa na urefu wa akiba yake: siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, kabla jua halijatoka, nilisikia geti lake likilia. Mtoto mgongoni, mwavuli umekunjwa ubavuni, beseni kichwani juu ya ngata.

Njia yake ni Petite Barrière, kizuizi cha waendao kwa miguu. Kabla ya 2020 watu waliovuka hapo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu kila siku, wengi wao wanawake, wengi wao na mtoto. Ukisimama pembeni ya foleni alfajiri unaona mabeseni yakielea juu ya umati, kabeji, karoti, nyanya, na chini ya kila beseni la tatu au la nne kichwa kidogo cha kofia ya sufu. Walemavu wanapita na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo. Ng'ambo zinangoja chukudu, baiskeli za mbao za Goma. Watoto wachanga hulala katikati ya makelele yote hayo bila kustuka. Nadhani wanayajua tangu tumboni.

Tatizo huja mwezi wa saba au wa nane. Mtoto amekuwa mzito, yuko macho, anavuta nyanya beseni likiteremshwa, analilia kushuka. Mgongo haumtoshi tena, na chini hapana pa kumweka. Wamama wengi wakawa wanawaacha watoto upande wa Rwanda, kandokando ya mpaka, kwa bibi fulani au kwa msichana wa miaka kumi aliyetakiwa awe shuleni, kwa sarafu chache kwa siku. Jirani yangu alifanya hivyo kwa wiki sita. Hakupenda nimuulize, nami sikumuuliza. Nilijua kwa sababu mtoto alirudi jioni akinuka moshi wa jiko lisilo lao. Baadaye akampeleka irerero, kituo cha kulelea watoto kilichowekwa karibu na mpaka kwa ajili ya akina mama kama yeye. Watoto wanapewa uji, wanalala kwenye magodoro, na mama anaweza kurudi mchana kunyonyesha. Ukiniuliza ni jengo gani la serikali lililobadilisha maisha mtaani kwetu, nitakutajia hilo kabla ya barabara ya lami.

Wa kwangu alishuka mkekani kwa mama mkwe, na jino likaja pamoja na kuhara. Wageni wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walitazama fizi zilizovimba wakasema ni ibyinyo, wakamtaja mtu anayejua kuyatoa. Nilishtuka kwa kuwa nilikuwa nimeuacha ugonjwa huo Tanzania, ambako tuliuita meno ya plastiki. Waganda nao wana ebinyo yao. Kinachoonekana ni chonge la mtoto linaloumbika chini ya fizi. Kuhara kunatokana na alichoanza kula na alichoanza kuokota sakafuni, kwa sababu ni umri uleule. Anayechokonoa fizi kwa kisu au spoku humwachia mtoto kidonda, na wapo waliokufa kwa hilo. Mama mkwe, ambaye nilimtegemea awe upande wa wageni, aliwasindikiza hadi getini kwa heshima zote, akarudi akaniambia nichanganye maji ya chumvi na sukari ya paketi. Watoto wake wawili wa kwanza walitolewa ibyinyo. Aliniambia hivyo mara moja tu.

Kulikuwa na onyo lingine lake ambalo mwanzoni nililiona ushirikina. Tulipokwenda kuwatembelea ndugu zake upande wa Goma, hakuruhusu mtoto ashushwe kwenye bonde dogo nyuma ya nyumba asubuhi mapema. "Kuna mazuku," alisema. Neno hilo ni la Kiswahili cha huku, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua kama lilivyo. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye miamba ya zamani ya lava, hasa kati ya Goma na Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mashimoni kama maji yasiyoonekana, hasa usiku upepo ukitulia, na jua na upepo vikija hutawanyika. Mtu mzima anaweza kusimama ndani yake ikamfika magotini asijue lolote. Mbuzi, mbwa, na mtoto anayetambaa vichwa vyao viko chini ya magoti. Nilikaa nikilifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi, mtoto mgongoni, kichwa chake kikiwa usawa wa shingo yangu.

Neno lake la kwanza lilizua mgogoro ambao haujaisha. Alikuwa na mwaka na wiki chache, akanyoosha mkono kwenye kikombe akasema kitu kama "ma-i". Mimi nilisikia maji. Dada wa kazi, mtu wa Goma, alisikia mayi, maana ndivyo wasemavyo kwao. Mama mkwe akasema mtoto ametamka amazi, Kinyarwanda safi, ila meno hayajatosha. Mume wangu alisisitiza kwamba mtoto alikuwa anamwita mama na kikombe kilikuwa njiani tu. Mwaka uliotangulia, Februari 2017, bunge la Rwanda lilikuwa limekifanya Kiswahili lugha rasmi, ya nne baada ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, nami nilikuwa nikifundisha darasani kwa moyo mmoja kwamba lugha hii inatuunganisha. Nyumbani kwangu iliungana na Kinyarwanda kwenye kikombe kimoja, na kila mtu akadai kikombe ni chake.

Chakula nacho kina hadithi. Jioni ukiwa ufukweni unaona mitumbwi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, ikitoka na taa zake, wavuvi wakiimba. Wanakwenda kuvua sambaza. Samaki huyo si wa asili wa Kivu: ni mmoja wa dagaa wa Tanganyika, aliyeletwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, akastawi. Siku niliyojua hilo nilimwangalia kwenye sahani kwa macho ya undugu, kwa kuwa sote wawili tumetoka ziwa lile tukaja kuishi hili. Sambaza huliwa akikaangwa mbichi, huliwa mkavu, na akitwangwa unga kijiko kimoja kinatosha kumtia nguvu mtoto kwenye uji. Hata hivyo utafiti uleule wa 2019-20 ulikuta mtoto 1 kati ya 3 wa Rwanda walio chini ya miaka mitano amedumaa, na hapa Rubavu, wilaya yenye ziwa na udongo mweusi wa volkano unaotoa viazi na kabeji kwa malori, ni karibu 4 kati ya 10. Nikipita jioni kwenye baa za ufukweni naona sahani za sambaza wa kukaanga zikipelekwa kwa walevi, moja baada ya nyingine. Mshauri wa afya wa mtaa wetu, anayewapima watoto kila mwezi kwa mizani na utepe wa mkononi wenye rangi tatu, hana haja ya hotuba. Husema tu, "Leta wale wanaoliwa na bia."

Mwaka 2019 ulikuwa wa Ebola. Mgonjwa wa kwanza aliingia Goma mwezi Julai, na mpakani kila aliyevuka alinawa mikono na kupimwa joto kwenye paji la uso. Binti yangu, hajatimiza miaka miwili, alikuwa akivuka nami kwenda kwa ndugu. Akajifunza utaratibu huo haraka kuliko alivyojifunza kuamkia. Mgeni akiingia kwetu, mtoto alimsogelea, akafumba macho, akainua paji lake na kusubiri. Padri mmoja aliyetutembelea alidhani anaombwa baraka, akambariki.

Halafu Jumamosi ya Mei 22, 2021. Giza lilikuwa limeshaingia tulipoona anga ya kaskazini imekuwa nyekundu, si kwa namna tuliyoizoea. Mama mkwe hakuuliza lolote. Alikuwepo Januari 17, 2002, lava ilipoikata Goma katikati hadi ziwani na mamia ya maelfu ya watu wakamiminika Gisenyi. Alikwenda chumbani akarudi na kitenge. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na nusu. Tulikuwa tumeshasherehekea kushuka kwake, anakimbia, anajivika viatu, kushoto kulia. Bibi yake akainama, mgongo ukalala kama meza, akasema, "Panda." Mtoto akapanda bila kubisha. Miguu ilining'inia hadi mapajani mwa bibi.

Hatukwenda mbali. Tulisimama barabarani na nusu ya mtaa tukiwaangalia watu wa Goma wakiingia, maelfu, na magodoro, televisheni, mbuzi. Nilichokiona usiku ule ni migongo. Watoto wa miaka mitano, wa sita, mmoja aliyevaa sare ya shule, wote wamerudishwa mgongoni kana kwamba miaka yao imefutwa. Hadi alfajiri lava ilikuwa imesimama pembezoni mwa Goma, karibu na uwanja wa ndege. Lakini matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa, kuta za Gisenyi zikapasuka, nasi tukalala nje kwenye mikeka. Ufa mmoja uko sebuleni kwetu hadi leo. Binti yangu alikuwa akiingiza vidole humo kupima, na miezi mingi baadaye lori kubwa likipita karibu alikuwa bado anatafuta mgongo wa mtu. Tulimpa. Wapo waliotuambia tunamdekeza. Januari 2025, vita vilipoingia Goma na makombora yakavuka mpaka kuua watu hapa Rubavu, alikuwa na miaka saba, na safari hiyo yeye ndiye aliyenishika mkono.

Lakini nimeruka. Miezi michache baada ya volkano alianza shule ya chekechea pamoja na mtoto wa jirani. Shule iko njiani kuelekea mpakani, hivyo jirani alijitolea kuwapeleka wote wawili asubuhi ile. Nilimvalisha mwanangu, nikamfunga kamba za viatu alivyokwisha kujifunga mwenyewe, nikamtoa hadi getini. Jirani alikuwa anangoja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuona kitu mgongoni kwake. Kile kitenge cha kijani alichombebea mwanawe, chenye doa la uji ambalo halikutoka, alikuwa amekisokota ngata, na juu yake beseni la nyanya.

Binti yangu aliutazama ule mgongo mtupu, akanyoosha mikono.

"Hapa pameshafungwa," jirani akamwambia. "Shika kidole."

Akashika kidole. Mvulana akashika cha upande wa pili. Wakateremka hivyo hadi kwenye kona, na beseni halikuyumba.